Tuipime Ahadi ya Ulaya ya Kupunguza Hewa Ukaa

Wazee wetu walisema ahadi ni deni. Mtu akikuahidi magunia kumi ya mahindi baada ya mavuno, humshukuru tu ukaenda kulala. Unamwuliza maswali. Ni magunia ya ukubwa gani? Ni mavuno ya mwaka gani? Shahidi ni nani? Na usipolipwa, itakuwaje?

Katika makala hii tutaiuliza Ulaya maswali ya namna hiyo. Nchi 27 za Ulaya zimeungana katika Umoja wa Ulaya. Nchi hizo zimeahidi kupunguza hewa inayoipasha dunia joto. Zimeahidi kwamba ifikapo mwaka 2050 hazitaongeza tena hewa hiyo angani. Hiyo ni ahadi kubwa. Je, imetimizwa kiasi gani? Na sisi wakulima wa Tanzania inatuhusu nini?

Hewa ukaa ni kitu gani?

Mtu anapochoma makaa ya mawe, petroli, dizeli au gesi, hutoka hewa iitwayo hewa ukaa. Hewa hiyo haionekani kwa macho wala haina harufu. Hupanda juu na kukaa huko miaka mingi sana. Inapokuwa nyingi, hulizuia joto la dunia lisitoke. Ni kama mtu aliyejifunika blanketi juu ya blanketi. Joto la mwili wake halipati pa kutokea.

Ziko hewa nyingine zinazofanya kazi hiyo hiyo. Nyingine hutoka kwa ng'ombe wanapocheua. Nyingine hutoka katika samadi, mbolea za chumvichumvi na majalala. Wataalamu huzipima zote pamoja kwa tani. Hapa tutaziita zote hewa ukaa, ili tusichanganyikiwe.

Miti hufanya kazi ya kinyume. Mti unapokua hunyonya hewa ukaa na kuiweka katika shina, matawi na mizizi. Msitu ukikatwa na kuchomwa, hewa hiyo hurudi angani.

Mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa joto kuliko yote tangu watu waanze kupima joto la dunia. Hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi. Kwa hiyo mvua ikija huja kwa nguvu na kuleta mafuriko. Mahali pengine jua hukausha udongo haraka, na ukame huwa mkali. Mkulima anayetegemea mvua ndiye anayeumia kwanza.

Nani anadaiwa?

Umoja wa Ulaya una watu wapatao milioni 450. Ujerumani, Ufaransa, Italia, Hispania na Poland ni baadhi ya nchi zake. Uingereza ilikuwamo, lakini ilijitoa mwaka 2020. Umoja huu una Tume inayopendekeza sheria na kuzisimamia. Una Bunge linalochaguliwa na wananchi. Una pia Baraza la mawaziri wa nchi zote 27. Sheria ikishapitishwa, nchi zote hutakiwa kuifuata.

Nchi hizi zilianza viwanda mapema. Tangu wakati huo zimechoma makaa ya mawe na mafuta mengi. Ukikusanya hewa ukaa yote ambayo wanadamu wametoa kwa kuchoma vitu hivyo, karibu sehemu moja katika sita ilitoka katika nchi hizi 27.

Leo mambo yamebadilika. Katika kila tani 100 zinazotolewa duniani kwa mwaka, Umoja wa Ulaya hutoa kama tani 6. China ndiyo inayotoa nyingi zaidi. Wanaofuata ni Marekani na India.

Lakini tukihesabu kwa kichwa, picha ni nyingine. Mtu mmoja wa Umoja wa Ulaya, kwa wastani, hutoa zaidi ya tani 5 za hewa ukaa kwa mwaka kutokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Mtanzania mmoja hafikii hata nusu tani.

Ahadi zenyewe

Ahadi za Ulaya husemwa kwa asilimia. Asilimia ni sehemu katika mia. Ili tuelewe vizuri, tufanye hivi. Tuseme hewa ukaa yote iliyotolewa na nchi hizi mwaka 1990 ilikuwa magunia 100. Ulaya huanza kuhesabu kutoka mwaka huo. Sasa tuzitazame ahadi.

Ahadi ya kwanza ilitolewa mwaka 1997 katika mji wa Kyoto, nchini Japani. Wakati huo Umoja ulikuwa na nchi 15. Ziliahidi kupunguza magunia 8 katika miaka ya 2008 hadi 2012.

Ahadi ya pili ilitolewa mwaka 2007. Viongozi walisema watapunguza magunia 20 ifikapo mwaka 2020.

Ahadi ya tatu iliwekwa katika sheria mwaka 2021. Sheria hiyo inasema kwamba ifikapo mwaka 2030 yawe yamepungua magunia 55 au zaidi. Ifikapo mwaka 2050 pasiwe na gunia linaloongezeka angani. Hewa kidogo itakayobaki lazima inyonywe na misitu, udongo au mitambo.

Ahadi ya nne ni ya mwaka 2040. Mwezi Novemba 2025 mawaziri wa mazingira walikubaliana kwamba yapungue magunia 90. Ahadi hii ina mlango wa pembeni, nasi tutautazama mbele.

Swali la kwanza: Je, waliyoahidi zamani waliyatimiza?

Jibu ni ndiyo. Ahadi ya Kyoto ilitimizwa, tena ilipitwa. Ahadi ya mwaka 2020 nayo ilipitwa. Wengine husema ugonjwa wa korona ndio uliowasaidia, kwa sababu mwaka 2020 safari zilisimama na viwanda vikapunguza kazi. Ni kweli kwamba mwaka huo hewa ukaa ilipungua sana. Lakini mwaka 2019, kabla ya korona, magunia yaliyopungua yalikuwa tayari yamezidi 20.

Hili ni jambo la kusifu. Nchi nyingi duniani zimetoa ahadi na kuzisahau. Hata hivyo tujiulize jambo moja. Mtu akiahidi kulima eka mbili, akamaliza mapema bila kutoka jasho, labda ahadi yake ilikuwa ndogo.

Swali la pili: Kwa nini wanahesabu tangu mwaka 1990?

Mwaka wa kuanzia hesabu ni jambo kubwa. Kabla ya mwaka 1990, nchi za mashariki ya Ulaya zilikuwa na viwanda vingi vya zamani vilivyochoma makaa ya mawe kwa wingi. Serikali za nchi hizo zilianguka miaka ya 1989 na 1990. Mwaka 1990 Ujerumani ya Mashariki iliungana na Ujerumani ya Magharibi. Katika miaka iliyofuata viwanda vingi vya mashariki vilifungwa kwa sababu havikuweza kushindana sokoni. Watu wengi walipoteza kazi. Hewa ukaa ikapungua.

Upungufu huo haukutokana na juhudi za kulinda hali ya hewa. Ni kama mtu mwenye ng'ombe 100. Baadhi wanakufa kwa ugonjwa. Halafu anatangaza kwamba amepunguza mifugo ili kulinda malisho. Ng'ombe wamepungua kweli, lakini sababu aliyoitaja siyo.

Kwa hiyo katika magunia yaliyopungua tangu mwaka 1990, mengine yalipungua yenyewe. Tukitaka kuona jasho la Ulaya, tutazame kazi iliyofanywa baadaye, hasa baada ya mwaka 2005.

Swali la tatu: Wamefanya kazi gani?

Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulianzisha utaratibu wa vibali. Kila kiwanda kikubwa na kila mtambo mkubwa wa umeme lazima uwe na kibali kwa kila tani ya hewa ukaa unayotoa.

Utaratibu huu ni rahisi kuuelewa. Tuseme kijiji kina malisho yanayotosha ng'ombe 500. Mkutano wa kijiji unatoa vibali 500, kibali kimoja kwa kila ng'ombe. Mwenye ng'ombe wachache anaweza kumwuzia jirani vibali vilivyobaki. Kila mwaka kijiji kinapunguza vibali, ili malisho yapone. Ulaya hufanya hivyo kwa hewa ukaa. Kiwanda kinachozidisha bila kibali hutozwa faini ya zaidi ya Euro 100 kwa kila tani.

Mwanzoni utaratibu huu ulikwenda vibaya. Vibali vilikuwa vingi mno, na vingi vilitolewa bure. Mwaka 2007 bei ya kibali ilianguka karibu na sifuri. Wenye viwanda hawakuona sababu ya kubadilika. Baadaye vibali vilipunguzwa na bei ikapanda. Mwezi Februari 2023 kibali cha tani moja kilipita Euro 100.

Matokeo yalionekana. Kufikia mwaka 2023, hewa ukaa kutoka katika viwanda na mitambo hiyo ilikuwa imepungua kwa asilimia 47 kuliko mwaka 2005.

Kazi kubwa imefanyika katika umeme. Ulaya imejenga mitambo ya kuvuna upepo na vioo vya kuvuna jua. Ureno ilifunga mtambo wake wa mwisho wa umeme wa makaa ya mawe mwaka 2021. Mwaka 2024, kwa mara ya kwanza, Umoja wa Ulaya ulipata umeme mwingi zaidi kutoka katika jua kuliko kutoka katika makaa ya mawe. Lakini kazi haijaisha. Huko Bełchatów, nchini Poland, upo mtambo mkubwa wa makaa ya mawe ambao kwa miaka mingi umeongoza Ulaya kwa kutoa hewa ukaa.

Swali la nne: Ni wapi hawakupunguza?

Mahali pa kwanza ni barabarani. Hewa ukaa itokayo katika magari na vyombo vingine vya usafiri ni nyingi kuliko ilivyokuwa mwaka 1990. Magari yameongezeka. Mizigo imeongezeka. Wengi wananunua magari makubwa.

Mwaka 2023 ilipitishwa sheria kwamba magari madogo mapya yatakayouzwa tangu mwaka 2035 yasitoe hewa ukaa kabisa. Watengenezaji wa magari walilalamika. Mwezi Desemba 2025 Tume ilipendekeza sheria hiyo ilegezwe, ili upungufu uwe asilimia 90 badala ya 100.

Mahali pa pili ni mashambani. Kilimo cha Ulaya hutoa kiasi cha sehemu moja katika kumi ya hewa ukaa yao, hasa kutokana na ng'ombe na mbolea. Upungufu huko umekuwa mdogo. Mwanzoni mwa mwaka 2024 wakulima wa Ulaya waliingia mijini na matrekta yao. Tarehe 1 Februari walifunga barabara za Brussels, mji wa Ubelgiji wenye ofisi kuu za Umoja. Walisema gharama zimewazidi na sheria ni nyingi. Baada ya hapo viongozi walirudi nyuma katika baadhi ya mipango iliyowahusu wakulima.

Tusiwacheke wakulima hao. Mkulima yeyote anajua uchungu wa kuambiwa abadili kilimo bila kusaidiwa. Lakini hali ya hewa haingojei mapatano ya watu.

Mahali pa tatu ni misituni. Misitu ya Ulaya bado hunyonya hewa ukaa, lakini siku hizi hunyonya kidogo kuliko zamani. Miti mingi imezeeka, mingi imevunwa. Mingine imeuawa na ukame, moto na wadudu.

Swali la tano: Ni vitu gani havikuwekwa katika mizani?

Mnunuzi wa mazao akija kijijini, mkulima mwerevu hatazami tu mshale wa mizani. Hutazama pia kama kuna kitu kimeachwa chini. Nasi tufanye hivyo.

Kwanza, bidhaa kutoka nje. Ulaya hununua nguo, simu, chuma na vitu vingine vingi kutoka China na nchi nyingine. Hewa ukaa ya kutengeneza vitu hivyo huandikwa katika hesabu ya nchi iliyovitengeneza. Haiandikwi katika hesabu ya Ulaya. Hivyo mtu aweza kufunga kiwanda kwake, akanunua bidhaa ile ile kwa jirani, na hesabu yake ikaonekana safi.

Viongozi wa Ulaya wameliona jambo hili. Tangu Januari 2026 wanaoingiza saruji, chuma, aluminiamu na mbolea Ulaya wanatakiwa kulipia hewa ukaa iliyotolewa wakati wa kuvitengeneza. China, India na Afrika ya Kusini zimelalamika. Zinasema huo ni ushuru wa kuwazuia maskini wasiuze.

Pili, misitu. Ahadi ya mwaka 2020 haikuhesabu misitu. Ahadi ya mwaka 2030 inaihesabu. Maana yake mizani imebadilishwa katikati ya kazi, na mizani mpya ni nyepesi kidogo. Hata hivyo sheria imeweka mpaka. Misitu haiwezi kuhesabiwa zaidi ya tani milioni 225.

Tatu, ule mlango wa pembeni. Katika magunia 90 ya mwaka 2040, mawaziri walikubaliana kwamba hadi magunia 5 yaweze kununuliwa nje ya Ulaya, kuanzia mwaka 2036. Yaani Ulaya italipa ili hewa ukaa ipunguzwe katika nchi nyingine, kisha itaihesabu kuwa ni yake. Wanasayansi wanaoishauri Ulaya kuhusu jambo hili walisema mwaka 2023 kwamba upungufu wa asilimia 90 hadi 95 unafaa. Mwaka 2025 walionya dhidi ya njia hiyo ya kununua nje. Hawakusikilizwa.

Tufanye hesabu ya miaka iliyobaki

Sasa msomaji achukue kalamu. Kufikia mwaka 2023 magunia 37 yalikuwa yamepungua. Kutoka mwaka 1990 hadi 2023 ni miaka 33. Kwa hiyo Ulaya ilipunguza gunia moja na kidogo kila mwaka.

Ifikapo mwaka 2030 lazima yapungue 55. Toa 37 katika 55. Yanabaki 18. Kutoka mwaka 2023 hadi 2030 ni miaka 7. Gawanya 18 kwa 7. Utapata magunia mawili na nusu na zaidi kila mwaka. Hiyo ni kasi zaidi ya mara mbili ya ile ya zamani.

Kutoka mwaka 2030 hadi 2040, wakitoka 55 kwenda 90, lazima wapunguze magunia 35 kwa miaka kumi. Hayo ni magunia matatu na nusu kila mwaka.

Mwezi Mei 2025 Tume ilipima mipango ya nchi zote wanachama. Ilisema kwamba kama kila nchi itatekeleza yote iliyoandika, upungufu wa mwaka 2030 utakuwa kama asilimia 54. Ni pungufu kidogo tu. Lakini neno kubwa hapo ni hilo neno "kama". Mpango ulioandikwa haujawa kazi iliyofanywa.

Kazi iliyokwisha fanyika ilikuwa nyepesi kuliko iliyobaki. Kufunga mtambo mmoja wa makaa ya mawe huamuliwa na watu wachache ofisini. Kubadili magari, majiko ya kupasha nyumba joto na mashamba ya mamilioni ya watu ni kazi ngumu. Hugusa mfuko wa kila mtu, na mwenye mfuko ana kura.

Ndiyo maana tunaona kurudi nyuma. Utaratibu mpya wa vibali kwa petroli na kwa joto la nyumba ulipangwa kuanza mwaka 2027. Mwezi Novemba 2025 mawaziri walitaka usogezwe hadi 2028.

Sisi inatuhusu nini?

Inatuhusu kwa mambo manne.

La kwanza ni mvua. Hewa ukaa haina mpaka. Ile inayotoka Bełchatów au Beijing huchanganyika na kuzunguka dunia nzima. Wakitimiza ahadi, watoto wetu watapata nafuu. Wasipotimiza, tutaumia pamoja nao, na sisi tuliotoa kidogo tutaumia zaidi.

La pili ni kahawa. Ulaya hununua kahawa ya Tanzania. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba kahawa, kakao, mbao na mazao mengine kadhaa yasitoke katika mashamba yaliyofyekwa msituni baada ya mwaka 2020. Mnunuzi atatakiwa kuonyesha shamba liko wapi. Sheria hiyo imeahirishwa mara mbili. Sasa imepangwa ianze mwishoni mwa mwaka 2026 kwa makampuni makubwa. Mkulima wa kahawa asingoje siku ya mwisho. Aulize chama chake cha ushirika kama shamba lake limeandikishwa na kupimwa.

La tatu ni fedha. Mwaka 2009 nchi tajiri ziliahidi kuzipa nchi maskini dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020, ili zipambane na hali hii. Kiasi hicho kilifikiwa mwaka 2022, yaani miaka miwili baadaye. Umoja wa Ulaya na nchi zake hutoa sehemu kubwa. Mwaka 2023 zilitoa Euro bilioni 28.6 kutoka katika fedha za umma. Lakini sehemu kubwa ya fedha za nchi tajiri kwa jumla ni mikopo, na mkopo hulipwa. Mwaka 2024, mjini Baku, nchi zilikubaliana kiasi kifike dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Nchi nyingi maskini zilisema hazitoshi.

La nne ni misitu yetu. Ulaya ikianza kununua upungufu nje, wanunuzi watatafuta misitu ya kulinda. Hapa Tanzania biashara hii si ngeni. Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, wamepata fedha kwa kulinda misitu yao. Vijiji vya wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, navyo vimepata. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Mwaka 2022 serikali yetu ilitoa kanuni za biashara hii. Kiko pia kituo cha taifa cha kufuatilia hewa ukaa katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro.

Kwa hiyo mtu akija kijijini na mkataba wa hewa ukaa, msimfukuze, lakini msikimbilie kutia sahihi. Mkataba usomwe kwa sauti katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Ulizeni ni wa miaka mingapi. Ulizeni kijiji kitapata sehemu gani katika kila mia. Ulizeni kama mtaweza kuendelea kuokota kuni, kurina asali na kuchunga. Ulizeni nini kitatokea msitu ukiungua. Ninyi mnaojua kusoma ndio macho ya kijiji siku hiyo.

Tumeonaje?

Tukiipima ahadi ya Ulaya kwa haki, tunaona mambo mawili.

Kwanza, ni ahadi ya kweli kuliko nyingi. Imeandikwa katika sheria. Ina tarehe. Ina faini kwa viwanda vinavyozidisha. Hupimwa kila mwaka, na hesabu hutangazwa. Ahadi mbili za zamani zilitimizwa. Tulinganishe na wengine. Mwezi Januari 2025 Marekani ilitangaza kujitoa katika mapatano ya Paris ya mwaka 2015, ambayo nchi za dunia zilikubaliana kuzuia joto lisizidi. China, mwaka 2025, iliahidi kupunguza asilimia 7 hadi 10 tu kutoka kilele chake ifikapo 2035.

Pili, ni ahadi ndogo kuliko deni. Mtu aliyekopa zaidi ya wenzake hulipa zaidi. Hawezi kujilinganisha na asiyelipa kabisa, akasema yeye ni mwema. Tena sehemu ngumu ya ahadi ndiyo inayobaki, na tayari tumeona vipande vyake vikilegezwa kimoja kimoja.

Wanakijiji wanaweza kufanya nini? Wanaweza kufuatilia. Mwaka 2030 hauko mbali. Andika katika daftari lako namba hizi: 55 kwa mwaka 2030, na 90 kwa mwaka 2040. Siku hesabu za 2030 zitakapotangazwa redioni na magazetini, fungua daftari ulinganishe. Mdai anayekumbuka kiasi cha deni na siku ya kulipwa hadanganywi kwa urahisi.

Maswali ya kujadiliana katika kisomo

1. Kwa nini mwaka wa kuanzia hesabu ni jambo muhimu? Toeni mfano wa hapa kijijini.

2. Kama Ulaya inafunga kiwanda na kununua bidhaa ile ile nje, je, dunia imepata nafuu? Elezeni.

3. Ulaya ilipunguza magunia 37 kwa miaka 33. Kama ingeendelea kwa kasi hiyo hiyo tangu mwaka 2023, ingefika magunia mangapi mwaka 2030? Fanyeni hesabu.

4. Je, kijiji chetu kina msitu? Nani anautunza? Mkataba wa hewa ukaa ukiletwa, ni maswali gani matano mtauliza kwanza?

5. Wakulima wa Ulaya waliandamana kwa matrekta. Je, mnaona walikuwa na haki? Ninyi mngefanya nini?